Wimbo wa Vidole Vitatu

Nilimpiga Zuhura kofi la mkono kwa sababu ya simu. Mwanangu mtu mzima, nesi, mama wa watoto wawili, nikamchapa kama mtoto aliyeshika jiko la moto. "Zima!" nikamwambia. "Zima hicho kitu, Zuhura, nimesema zima!" Akazima, akanitazama kwa yale macho yake ya kazini, ya kumtazama mgonjwa anayetaka kuanguka. Uji wa pilipili manga ulikuwa umenimwagikia mapajani wala sikuusikia moto wake. Tulikuwa tumeketi mkekani, ukumbini kwangu hapa Mabawa, tumeshaswali alasiri, na shughuli yetu ilikuwa ile ile ya kila akija kunitazama: ananitafutia muziki wa Waayalandi wangu kwenye simu, tunasikiliza, ananicheka. "Mama," akasema taratibu, "kifua kinabana?" Nikamwambia, "Kifua changu hakina neno. Huo wimbo ni wa mjomba wako."

"Mjomba yupi?" akauliza, na swali lenyewe likanitia hasira. Ana wajomba wangapi waliopiga fidla? Kaka yangu Hamadi alipiga fidla katika klabu ya taarabu ya hapa hapa Mabawa, na katika maisha yake yote alitunga wimbo mmoja tu usio na maneno, wa fidla peke yake. Haukurekodiwa. Haukupigwa harusini hata siku moja. Hamadi alipofariki nilisema kwa kinywa changu, mbele ya watu, kwamba tumemzika na wimbo wake. Baadaye moyo ulikataa, nikawaendea wapiga fidla wa mji huu mmoja mmoja, nikawaimbia kwa kuguna kile nilichokumbuka. Walinisikiliza kwa adabu, wakaudaka haraka, na kila mmoja akaunyoosha. Nikiwaambia sivyo, una mahali unavunjika, wananijibu, "Dada, ukivunjika hapo si wimbo tena." Wakaunyoosha na kuunyoosha mpaka ukanyooka hata kichwani mwangu, nikawa nikijaribu kumsikia Hamadi namsikia fundi mwingine. Hilo liliniuma kuliko kaburi, sisemi uongo. Kaburi nalijua lilipo.

Sasa wimbo huo umetoka kwenye simu ya mwanangu. Anaupiga binti wa Kizungu mwenye nywele nyekundu na suruali iliyopasuka magoti, katika ukumbi wa huko Ayalandi, nyuma yake vijana wenye magitaa ya umeme. Zuhura ana tabia ya kuruka maneno ya mwanzo, yeye anataka muziki tu, kwa hiyo hatukuwa tumesikia utangulizi wowote. Fidla ilianza, na kabla sijajua nasikia nini mkono wangu ulikuwa umeshaachia bakuli. Wallahi nilidhani nimekufa. Na kwa nini nikasema zima, na ndicho kitu nilichokililia miaka yote? Kwa sababu wimbo ule una pengo, na binti alikuwa hajalifikia. Niliogopa. Kama wameliziba, kama nao wameunyoosha, basi Hamadi hayumo, na mimi ndiyo nimempoteza moja kwa moja.

Mwaka Hamadi alipoutunga wimbo wake nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri majibu ya mtihani, sina kazi ila kupika na kugombana na mama. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa Mwayalandi, mwanamke wa makamo jina lake Nora, na alikuwa amepanga jumba moja la zamani kule Raskazone, la dari refu na madirisha ya mbao. Alikaa peke yake. Mama alipopata habari alishika kichwa. "Peke yake? Jumba lote lile? Mama wee, hata jini hakai peke yake!" Kwetu mwanamke aliyebaki mpweke nyumbani haachwi alale hivyo, mtaa humtafutia msichana wa kwenda kulala naye, awe mjane, awe mke wa baharia, na hakuna anayemuuliza mwenyewe kama anataka. Basi nikafungiwa kanga zangu na mkate wa kumimina ndani ya kikapu, nikapelekwa Raskazone nimbishie hodi mwalimu wangu, nimwambie nimekuja kulala. Nora alishtuka hata Kiswahili kikampotea. Alisimama mlangoni na mwiko mkononi, ananitazama mimi, anatazama kikapu, kisha akaniita jina langu, akauliza kwa kile Kiswahili chake cha darasani, "Salama, je, umefukuzwa nyumbani?"

Nikakaa mwaka mzima. Sebule ya jumba lile hatukuikalia, ilinuka popo, tuliishi jikoni. Jiko lilijengwa nyuma, limetengwa na nyumba kwa njia yenye paa, na lilikuwa na meza ya mvule ndefu ajabu, sijui nani aliiingizaje pale maana mlangoni isingepita. Juu ya meza palikuwa na redio kaseti, na kando yake kopo la biskuti lililojaa kanda. Chakula cha Nora kilinitisha. Alichemsha viazi vya Lushoto na maganda yake, akavipasua, akatia chumvi na siagi, akakaa kula. Nilingoja. Nikamuuliza, "Mwalimu, mchuzi uko wapi?" Akasema mchuzi hakuna, hiki ndicho chakula. Nilimhurumia, nikasema kumbe ndiyo maana watu hawa wanahama kwao. Nikamfundisha samaki wa kupaka, nikamfundisha bada, ugali wetu wa muhogo, kwa mchuzi wa papa, naye akanifundisha mkate wao wa magadi na maziwa mgando, usiongoja kuumuka, ambao mpaka leo naupika na majirani wanauita mkate wa Salama.

Lakini kanda! Majina yalikuwa yameandikwa kwa penseli na joto la Tanga lilikuwa limeyala, kwa hiyo wapigaji wote niliwabatiza mwenyewe. Palikuwa na Wazee wa Jikoni, waliorekodiwa nyumbani kwa mtu, fidla na filimbi na kodiani, na katikati ya wimbo unasikia kikombe kinawekwa chini na mbwa anafukuzwa. Palikuwa na Bwana Kiwiko, anayepiga zumari la mfuko, na mfuko haujazwi kwa mdomo bali kwa kiwiko, mtu amekaa kitini anajipepea ubavuni kama kuku. Palikuwa na bendi niliyoiita Akina Dufu, kwa sababu ngoma yao ilikuwa dufu la maulidi tupu, duara la mbao na ngozi ya mbuzi upande mmoja, isipokuwa wao hulipiga kwa kijiti. Palikuwa na Vijana wa Mngurumo, hao wa roki. Na palikuwa na Bibi Asiye na Ngoma, ambaye nilimpenda kuliko wote baada ya kumchukia.

Mtu aliyekulia taarabu anielewe. Kwetu mwimbaji hasimami mwenyewe. Nyuma yake kuna fidla, ganuni, kodiani, dumbaki, na mbele yake wanawake wanainuka kwa maringo kwenda kumtunza. Bibi yule aliimba peke yake kabisa. Hakuna hata kijiti cha kugongea. Nilisema kwa sauti, "Lo! Wamemwacha mwenyewe namna hii, masikini, hawana haya?" Nora akacheka, akasema hawajamwacha, kuna mtu amemshika mkono. Ndivyo kwao: mwimbaji akiimba wimbo mzito, aliye karibu naye humshika kiganja, akakizungusha polepole kwa mwendo wa wimbo. Akanishika mkono wangu wenye unga wa mkate, akauzungusha. Nilitaka kuuvuta. Kisha yule bibi kwenye kanda akapanda juu, juu, mahali sikudhani sauti ya mzee inafika, nikauacha mkono wangu palepale.

Jambo jingine nililiona siku hizo za mwanzo, nikalichukulia kuwa ni mazoea yake tu. Nora naye alikuwa na fidla, ameiegemeza kifuani badala ya shingoni, na hakuanza wimbo hata mmoja bila kutaja aliyempa. "Huu nilipewa na fulani, mke wa tarishi wa posta." "Huu nilipewa na mjomba wa mama yangu." Kuna mmoja ulikuwa na mahali pa kusimama ghafla, kama mtu amekabwa. Nikamuuliza kulikoni. Akasema huo alipewa na fundi viatu wa kijijini kwao, mpiga filimbi, mwenye pumu. Pale ndipo alipokuwa anavuta pumzi. "Lakini Mwalimu, fidla haivuti pumzi." Akajibu kwamba anajua, lakini ni mahali pa yule fundi viatu, na mahali pa mtu hapajazwi. Jioni hiyo Hamadi hakuwepo. Laiti angekuwepo.

Hamadi alikuja mara ya kwanza kama kaka, kukagua nyumba anayolala dada yake. Alikataa kuingia. Alisimama mlango wa jikoni, amejifunga uso wa ukali, fidla yake kwenye mfuko begani maana alitoka mazoezini. Nora akamwambia, "Shikamoo," kwa ule wasiwasi wake wa kutaka kumwamkia kila mtu, na kaka yangu, kijana mbichi kabisa, akashtuka akarudi hatua moja. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Redioni walikuwa wanapiga Wazee wa Jikoni. Hamadi akasahau ukali. "Nani hao?" Nikamwambia wazee wa kwao Mwalimu. "Waongo hawa. Mkono huo ni wa Mwarabu." Akaingia, akakaa, akala viazi bila mchuzi wala hakugundua. Tangu siku hiyo alikuwa anapita karibu kila baada ya magharibi, na mama akaacha kuuliza nani anamlinda nani.

Siku Nora alipomwonyesha ngoma ya kwao ndiyo niliogopa Hamadi atapasuka mbavu. Mwanamke mtu mzima alisimama katikati ya saruji, mikono imebana ubavuni, uso umetulia kama anasikiliza hotuba, halafu miguu ikaanza fujo. "Juu yuko msikitini, chini yuko ngomani!" Hamadi akapiga kelele. Siku ya Vijana wa Mngurumo, Nora alifungua sauti mpaka mwisho, na mlinzi wa nyumba ya jirani akaja mbio na rungu kuuliza nani anauawa. Mimi nilikuwa nimeziba masikio. Hamadi alikuwa ameinamia redio, jicho moja amelifumba. "Salama, toa vidole masikioni, sikiliza. Nyuma ya makelele yote haya, yule mzee wa jikoni yupo. Gitaa linamwiga mzee wa jikoni." Na kweli, ukishaambiwa huwezi tena kutosikia. Vijana wale wenye hasira, wanaotaka kuvunja nyumba, walikuwa wanapiga miondoko ile ile ya babu zao, wameiongezea umeme tu. Hamadi alirudi Mabawa usiku ule anaongea peke yake njiani.

Ndipo akatunga. Sasa niwaambie habari ya kidole. Hamadi alipokuwa mdogo alichomwa na mwiba wa mkonge kwenye kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kikavimba, kikatunga usaha, kikapona kimekunjamana kama jani kavu. Hakikunyooka tena. Mpiga fidla hukanyaga nyuzi kwa vidole vinne vya mkono huo. Kaka yangu alikuwa navyo vitatu. Katika nyimbo za klabu alijifunza kuibia, wenzake wanamfunika. Lakini wimbo wake mwenyewe ulikuwa unapanda, unapanda, mpaka kwenye sauti moja ambayo bila kidole kidogo haishikiki. Hapo alisimamisha upinde. Kimya. Kisha kidole cha pete kikatoka mbio kule chini, kikateleza juu ya uzi mpaka kikaifikia ile sauti kwa kuchelewa, kama mtu aliyekosa mlango akaruka ukuta. Ulianza kama wa Wazee wa Jikoni na kumalizika kama wa kwetu, na katikati palikuwa na pengo lile. Mimi niliupenda hivyo hivyo. Nilimwambia. Akasema, "Wewe utapenda hata nikipiga sufuria."

Aliupeleka klabuni. Kiongozi wao, Mzee Bakari, alikuwa mtu wa masihara makali, fundi hodari, na sikio lake halikusamehe kitu. Aliusikiliza mpaka mwisho, akasema mbele ya wote, "Wimbo mzuri, yakhe, lakini unachechemea. Tukiupiga harusini bibi harusi ataanguka." Wakacheka. Hamadi naye akacheka nao, ndivyo alivyotuhadithia, lakini mimi namjua kaka yangu akicheka kwa meno. Kwa Nora aliendelea kuupiga. Nora hakuurekodi, hakuandika kitu. Alikaa mkabala naye jioni baada ya jioni, akiuchukua kwa sikio kipande kwa kipande, akirudia kimyakimya bila upinde. Sikuwahi kumsikia akiupiga mzima. Naona alikuwa anautunza kwa siku maalumu.

Siku yenyewe aliichagua yeye. Muda wake wa kufundisha ulikuwa unakaribia kwisha, akataka kuwaalika watu wa klabu waje kula kwake na wasikilizane. Ilikuwa Jumapili mchana. Nilipika pilau, nikapika samaki wa kupaka, na mkate wa magadi wa Nora ukawa juu ya meza ya mvule, hakuna aliyeugusa ila Hamadi. Mzee Bakari alikuja na wenzake wawili, wakakaa kwa heshima, wakawasikiliza Akina Dufu kwenye kanda, wakashangaa, wakatikisa vichwa. Mambo yalikuwa mazuri. Nora akainuka, amevaa gauni lake jipya la kitenge, akachukua fidla. Akasema, "Huu nilipewa na Hamadi, wa Mabawa." Akaanza.

Mungu wangu, aliupiga! Aliujua kila kona. Uso wa Hamadi ulifunguka, nikamwona anavyokuwa mtoto. Wimbo ukapanda, ukapanda, ukafika pale. Nora akasimamisha upinde. Akakiinua kidole chake kidogo, kizima, kirefu, akakikunja kama cha Hamadi, akaacha kimya kipite, kisha kidole cha pete kikatoka mbio kikateleza juu. Vile vile kabisa. Mzee Bakari akapiga goti lake kwa kiganja. "Ala! Mpaka Mzungu amekuiga kidole!" Na wale wawili wakaangua kicheko na wali mdomoni.

Kwetu mtoto akichechemea nyuma ya kiwete hupigwa, akaambiwa hujafa hujaumbika. Kumwiga mtu kilema chake mbele ya watu, nyumbani kwako, ulikomwalika chakula, sijui tusi kubwa kuliko hilo. Hamadi aliweka sahani chini polepole. Rangi ilikuwa imemtoka. "Mwalimu," akasema, "nimekula chumvi yako mwaka mzima. Hukuwa na haja ya kungoja wageni." Nora hakuelewa. Aliendelea kutabasamu, masikini, fidla kifuani, akingoja aambiwe ahsante. Hamadi alipochukua mfuko wake na kutoka ndipo akanigeukia, "Salama, nimekosea wapi? Sauti ipi?" Alidhani amekosea wimbo! Nami nimeganda na kawa mkononi. Niliona yote mawili kwa mara moja, yule fundi viatu mwenye pumu na yule mtoto anayechechemea nyuma ya kiwete, na ulimi haukunisaidia.

Nilimfuata Hamadi nyumbani. Nilimwambia habari ya fundi viatu, nikamwambia kwao mahali pa mtu hapajazwi, wanapaacha kwa heshima. Alikuwa amelala chali kitandani, anatazama boriti. "Salama, usinidanganye kwa upole. Kwao labda pumu ni sifa. Hapa Mabawa kilema ni kilema, na watu wamecheka." Nikamwambia aliyecheka ni Bakari, hakucheka Nora. Akageukia ukutani. Siku alizobaki Nora nilikwenda kulala kwake kwa ruhusa ya mama tu, na jikoni tulikula redio imezimwa. Nora alilia. Sikujua watu wazima wa Kizungu wanalia namna ile, kwa kwikwi, ameshika ukingo wa meza. Kabla ya kuondoka alikuja hapa Mabawa kuaga, akasimama barazani na zawadi ya chai mkononi. Hamadi alikuwa chumba cha ndani, mlango umerudishwa. Alimsikia. Nora akaniambia kwa sauti ya kumfikia, "Mwambie namshukuru. Mwambie nitautaja." Mlango ule haukufunguliwa.

Basi Hamadi hakuupiga tena. Aliendelea na klabu miaka mingi, harusi kwa harusi, akaibia sauti zake nyuma ya wenzake, akazeeka vizuri, akaugua, akaenda. Nikimwomba aupige, hata kwa ajili ya Zuhura alipokuwa mdogo, ananijibu, "Upi? Sina wimbo mimi." Nora sikumsikia tena. Mimi nilibaki na Waayalandi wangu, nikinunua kanda nilipozipata, kisha sahani za CD, kisha simu hii ya Zuhura ambayo ina wote, wa kale na wa sasa, na kila nikisikia fidla ya huko roho inachungulia. Ujinga. Nilikuwa nachungulia nini?

"Washa," nikamwambia Zuhura. Alikuwa ameshanifuta uji na kunishika kifundo cha mkono, anahesabu mapigo. "Mama, tuache kwanza utulie." "Washa, na leo usiruke maneno. Toka mwanzo." Akarudisha nyuma. Binti wa nywele nyekundu akasogelea kipaza sauti, anapumua haraka, na Kiingereza changu cha Nora kikaamka. Alisema wimbo huu alipewa na mwalimu wake, marehemu sasa, aliyefundisha watoto wa kijiji kizima mpaka mikono ilipomkatalia. Nikasema innalillahi. Zuhura akataka kusimamisha, nikamzuia. Binti akasema mwalimu naye alipewa na kijana mmoja, mbali sana, na kila anayejifunza wimbo huu lazima amtaje kabla ya kuupiga, la sivyo mwalimu alikuwa anamnyang'anya upinde. Kisha akamtaja. Alilitamka vizuri, bila kujikwaa, kama jina la mtu wa mtaani kwao. Hamadi, wa Mabawa. Na ukumbi ule wote wa watu walioshika glasi zao ukashangilia, maana kumbe wanaujua, wameshausikia mara nyingi, ni wimbo wao.

Nilimshika Zuhura mkono, nikakuta nauzungusha. Binti akaanza, taratibu, fidla peke yake. Kipande cha pili magitaa yakaingia, na mpiga ngoma nyuma yake akaanza kuvunja nyumba, Vijana wa Mngurumo watupu, na watu wakawa wanapiga miguu chini, mamia kwa mamia, wimbo unapanda, unapanda, na mimi naomba, Yarabi wasilizibe pengo, Yarabi wasiunyooshe. Wakafika pale. Binti akasimamisha upinde. Magitaa yakanyamaza. Mpiga ngoma akabaki na vijiti juu. Ukumbi mzima ukasimamisha miguu kwa pamoja. Picha ikasogezwa mkononi kwa binti, na nikakiona kidole chake kidogo, kizima, kirefu, amekikunja mbali na uzi.

Kisha kidole cha pete kikatoka mbio, kikaruka ukuta.

"Ndicho hicho!" nikapiga kelele, na machozi hayo. "Zuhura, ndicho hicho!" "Ndicho nini, mama?" "Kidole cha mjomba wako! Hamadi, mjinga we, laiti ungesikia!" Zuhura naye analia, hajui vizuri analilia nini. Kwenye simu walikuwa wanazunguka tena, wanapanda tena, ukumbi unatetema. Mara hii nilijua mahali. Nikapanda nao mpaka pale, na Waayalandi wote walipomngojea kaka yangu afike, nami nikanyamaza nikamngojea pamoja nao.